Vigingi vya Kanam: Somo juu ya Uchunguzi wa Mawe Ufuoni mwa Ziwa

Mwezi wa Januari, mwaka wa 1935, mtaalamu wa elimu ya mawe aitwaye Profesa Percy Boswell, wa London, alifika katika Rasi ya Homa, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, ambayo siku zile iliitwa Ghuba ya Kavirondo. Alikuwa amevuka bahari kwa shauri moja kubwa: kuonyeshwa mahali palipotolewa mifupa ya watu ambayo ilisemwa kuwa ya kale kupita yote iliyojulikana. Mwenyeji wake alikuwa Dr. L. S. B. Leakey, aliyekuwa ameiongoza safari iliyoipata mifupa hiyo mwaka wa 1932, na aliyekuwa amepigilia vigingi vya chuma ili mahali penyewe pasisahauliwe.

Wakatembea katika makorongo ya Kanam na Kanjera, wakatafuta. Vigingi havikuwapo.

Kupotea kwa vigingi hivyo ndiyo asili ya somo hili. Yafaa kila mtu aishiye Homa Bay na Migori alifahamu, maana ardhi anayoilima na kuikanyaga ni hazina ambayo wataalamu wa dunia nzima wanaitaka, na hazina hiyo yaweza kupotea kwa jambo dogo.

KORONGO NI KITABU

Kutoka Kendu Bay hadi Karungu, na kuendelea mpaka mdomo wa mto Kuja, nchi ina makorongo mengi. Mkulima huyachukia, kwa kuwa kila mvua kubwa huyapanua na kuchukua udongo wa shamba. Lakini mchunguzi wa mawe huyapenda. Maji yamemfanyia kazi ambayo watu mia kwa majembe wasingeimaliza kwa miaka mingi: yameikata ardhi kwenda chini na kuacha kuta zake wazi.

Ukitazama ukuta wa korongo utaona mistari ya rangi mbalimbali. Huu ni udongo mwekundu. Chini yake mchanga. Chini yake tena jivu jeupe lililogandamana. Kisha kokoto zilizosukumwa na mto wa zamani. Kila mstari ni tabaka, na kila tabaka lilitandazwa kwa wakati wake. Mama akitandika mikeka mitano mmoja juu ya mwingine, ule wa chini ndio uliotangulia. Ndivyo yalivyo matabaka ya ardhi, isipokuwa pale ambapo nchi imepinduka au imepasuka.

Hapa ndipo penye hatari. Mfupa ulio ndani ya tabaka la chini una umri wa tabaka lile. Lakini mfupa ulioanguka kutoka juu ukalala sakafuni mwa korongo waweza kuonekana kana kwamba ni wa chini. Tena ardhi ikiporomoka, udongo wa juu huteremka pamoja na vyote vilivyomo, ukakaa ubavuni mwa udongo wa kale. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Mfupa huu ni wa zamani gani?" jibu halimo katika mfupa peke yake. Ni lazima kwanza ajue mahali mfupa ulipokuwa umelala.

MLIMA WA MOTO ULIOKWISHA KUFA

Matabaka ya Rusinga, Mfangano na Karungu yana habari yake. Zamani sana, kabla Ziwa Victoria halijakuwapo, palikuwa na volkano kubwa ambayo wataalamu huiita Kisingiri. Mabaki yake ni vilima vya Gwassi na Gembe, na moyo wake ulikuwa Rangwa. Volkano hiyo ilitoa majivu mara nyingi kwa muda mrefu, yakaifunika nchi ya mito na misitu iliyokuwa pale.

Majivu ya Kisingiri hayakuwa ya namna ya kawaida, kwa maana yalikuwa na chokaa nyingi. Mnyama akifa na kufunikwa na majivu hayo, mifupa yake haikuoza upesi, bali iligeuka polepole kuwa jiwe. Vitu hivyo vilivyogeuka mawe huitwa visukuku. Katika Rusinga na Mfangano havikuhifadhiwa visukuku vya mifupa tu, bali hata vya matunda, mbegu na wadudu, vikiwa na umbo lake kamili. Ni jambo la nadra duniani.

Mawe ya Migori ni ya kale zaidi mno. Mengine yana umri unaozidi miaka milioni 2,500, na ndiyo yaliyo na dhahabu iliyochimbwa Macalder. Bwana Robert Shackleton, mtaalamu wa mawe wa Serikali, aliandika taarifa juu yake iliyotolewa mwaka wa 1946. Lakini mawe yale ni ya nyakati za kabla ya wanyama wenye mifupa. Atafutaye mifupa huelekea magharibi, kwenye ufuo wa Karungu.

BWANA OSWALD AFIKA KARUNGU

Habari za mifupa ya Karungu zilianza mwaka wa 1909, ilipoonekana na mtafutaji wa dhahabu. Bwana C. W. Hobley, mkuu wa jimbo wakati huo, aliona kuwa ni jambo la maana, na baadhi ya mifupa ikapelekwa London. Bwana D. B. Pigott, ofisa wa Serikali, alikwenda kukusanya mingine, lakini aliuawa na mamba kabla kazi haijaendelea mbali. Katika mifupa iliyopelekwa kulikuwamo ya mnyama wa jamii ya tembo, mwenye pembe zilizopinda kwenda chini kutoka taya la chini. Mwaka wa 1911 mnyama huyo alipewa jina la kitaalamu lenye kumkumbuka Bwana Hobley.

Mwaka huohuo Jumba la Makumbusho la Uingereza lilimtuma Dr. Felix Oswald aende Karungu mwenyewe. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka wa 1901, lakini kutoka hapo hapakuwa na barabara ya kufaa, na njia ya kufika kusini ilikuwa ziwa. Nchi ya ufuoni ilikuwa imeingiwa na msiba, kwa kuwa ugonjwa wa malale ulikuwa umewaua watu wengi pande zote za ziwa, na vijiji vingi vya ufuoni vilikuwa vimehamwa. Dr. Oswald alikitaja kitabu chake juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka wa 1915, kwa jina la nchi ya malale.

Sifa ya Dr. Oswald si wingi wa mifupa aliyoipata, ila ni utaratibu wake. Alipima kuta za makorongo, akaliandika kila tabaka kwa rangi na unene wake, akayapa matabaka nambari, na kila mfupa akauandikia nambari ya tabaka lake. Kwa sababu hiyo wachunguzi waliofika Karungu miaka mingi baada yake waliweza kuichukua taarifa yake mkononi na kuyafuata matabaka yaleyale.

VIGINGI VYAPOTEA

Turudi sasa Kanam. Tarehe 29 Machi, 1932, Juma Gitau, mmoja wa wasaidizi wa Dr. Leakey, alipasua bonge la udongo mgumu lililotoka katika korongo la Kanam Magharibi, akaona ndani yake meno. Lilikuwa kipande cha taya la mtu. Katika safari hiyohiyo vipande vya mafuvu vilipatikana Kanjera, si mbali na hapo. Dr. Leakey aliamini kuwa taya lile lilitoka katika tabaka la kale kabisa, na mwezi wa Machi, 1933, wataalamu waliokutana Cambridge waliyapokea maelezo yake.

Profesa Boswell hakuridhika. Alitaka kuona kwa macho yake, na Dr. Leakey akamkaribisha. Lakini vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Wenyeji walikuwa wamevichukua kwa matumizi yao, maana chuma kilikuwa adimu, na mvuvi hukihitaji kwa kutengenezea mikuki ya kuchomea samaki. Haifai kuwalaumu. Kwao kigingi kilikuwa chuma kilichoachwa porini, wala hakuna ushahidi kuwa walielezwa maana yake kwa namna ya kuwafanya wakilinde.

Lakini hayo yasingeharibu shauri zima kama pangalikuwako kumbukumbu nyingine. Hazikuwako za kutosha. Kamera ya Dr. Leakey ilikuwa imeharibika mwaka wa 1932, naye alikuwa ametumia picha iliyopigwa na mtu mwingine wa safari ile. Ilipolinganishwa na makorongo yenyewe, picha ilionekana kuwa ya mahali pengine. Ramani kubwa ya mahali penyewe haikuwapo. Tena Profesa Boswell aliona dalili kwamba udongo wa sehemu zile ulikuwa umeporomoka na kuchanganyika.

Mwezi wa Machi, 1935, Profesa Boswell alichapisha maoni yake katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature. Hakusema kuwa mifupa ni ya uongo. Alisema tu kwamba mahali ilipotoka hapakuweza kuthibitishwa, na kwa hiyo umri wake haukuweza kuaminiwa. Heshima ya Dr. Leakey ilipata pigo zito. Baadaye mafuvu ya Kanjera yalichunguzwa upya kwa vyombo bora, na wataalamu wakaona kuwa ni ya watu wa nyakati za karibu, waliozikwa katika udongo wa kale. Taya la Kanam nalo halikurudishiwa tena heshima lililopewa Cambridge.

KWA MASHUA HADI RUSINGA

Mtu mwenye moyo mdogo angaliiacha kazi. Dr. Leakey hakuiacha, bali alirudi ziwani akiwa na watu wa elimu mbalimbali. Kuanzia mwaka wa 1947 safari maalumu zilipangwa kuchunguza matabaka ya Kisingiri, na Bwana Shackleton, yule aliyeandika juu ya mawe ya Migori, alikuwa miongoni mwa waliochora ramani ya matabaka hayo. Kila mahali penye mifupa katika Rusinga palipewa herufi R na nambari yake.

Safari zilifanywa kwa maji. Rusinga kilikuwa kisiwa, na hakikuunganishwa na Mbita kwa njia ya kupita magari mpaka miaka ya 1980. Mahema, chakula, majembe na masanduku ya mifupa yalipakiwa chomboni na kuteremshwa ufuoni, na baadaye wachunguzi walikuwa na mashua yao ya injini iliyoitwa Miocene Lady. Mwenye mashua ana faida kubwa. Aweza kupita kando ya ufuo akitazama miteremko, akaona tabaka jeupe likianza hapa na kuzama pale. Akaona kuwa tabaka la kisiwa hiki ni lilelile la kisiwa cha pili. Mtu wa miguu huona korongo moja moja, lakini mtu wa mashua huona nchi nzima kama picha iliyotandazwa mbele yake.

Mwezi wa Oktoba, 1948, Bibi Mary Leakey alikuwa akitembea kwenye mteremko wa Rusinga akaona vipande vya mfupa vimetoka nje, na jino moja likichungulia udongoni. Alimwita mumewe, wakafukua kwa uangalifu na kuuchekecha udongo wote. Bibi Leakey aliviunga vipande vile kimoja kimoja, hata likatokea fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeitwa Proconsul. Halikuwa limepatikana bado fuvu la sokwe wa kale namna ile lililokamilika kiasi hicho. Mwezi huohuo Bibi Leakey alilipeleka Uingereza kwa ndege.

Safari hii hakuna aliyeuliza, "Lilitoka wapi?" Mahali palikuwa na nambari na tabaka lilijulikana. Baadaye mabishano yalitokea, lakini yalihusu kama Uingereza ilipewa fuvu au iliazimwa tu. Nayo yalimalizwa kwa maandishi: barua za zamani zilionyesha kuwa liliazimwa, na mwaka wa 1982 likarudi Nairobi.

SHIMO NAMBARI 114

Habari ya pili ya Rusinga yaonyesha faida ya nambari kwa wazi zaidi. Mwaka wa 1951 Bwana Thomas Whitworth alichimba mahali paitwapo R114, ndani ya kitu kilichofanana na shimo la mviringo lililojaa udongo wa rangi nyingine. Humo mlikuwa na sehemu ya mifupa ya Proconsul mmoja pamoja na mifupa ya wanyama wengine. Yote iliandikwa R114 na kuwekwa.

Baada ya miaka kama thelathini, Dr. Alan Walker na Dr. Martin Pickford walikuwa wakipekua masanduku ya makumbusho ya Nairobi. Miongoni mwa mifupa iliyodhaniwa kuwa ya wanyama wa namna nyingine kabisa wakaona mfupa wa Proconsul, wenye alama R114. Wakatafuta tena, wakapata mwingine, na mwingine. Ilikuwa mifupa ya mnyama yuleyule wa mwaka wa 1951, iliyowekwa penye masanduku yasiyo yake. Kama isingeandikwa nambari, ni nani angaliijua?

Walipoichunguza tena Rusinga waligundua jambo jingine. Lile shimo halikuwa shimo la ardhini. Lilikuwa shina la mti mkubwa wenye mvungu ndani, uliofunikwa na majivu ukiwa umesimama. Mti ulioza, na nafasi yake ikajaa udongo na mifupa. Hivyo nambari moja iliyoandikwa vema iliwarudisha wachunguzi mpaka kwenye mti uliosimama msituni miaka milioni 18 iliyopita.

Mwaka wa 1993 aina hiyo ya Proconsul ilipewa jina la Heselon Mukiri, msaidizi mkuu wa Dr. Leakey kwa miaka mingi. Mwaka wa 2015 wataalamu waliitenga jamii yake wakaiita Ekembo, neno lililochukuliwa katika lugha ya Wasuba, wenyeji wa visiwa vile.

MIAKA HUHESABIWAJE?

Msomaji atauliza: miaka milioni 18 imejulikanaje? Katika majivu ya volkano mna vipande vidogo vya mawe yenye kung'aa ambavyo vina potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hugeuka yenyewe, polepole, kuwa gesi ya argoni, kwa mwendo usiobadilika. Mawe yakiwa yameyeyuka, gesi hutoka. Yakiisha kuganda, gesi hunaswa ndani. Kwa hiyo saa huanza kuhesabu siku volkano ilipotoa majivu. Mtaalamu akipima potasiamu iliyobaki na argoni iliyonaswa, atajua muda uliopita. Kwa njia hiyo matabaka ya Kisingiri yameonekana kuwa ya miaka baina ya milioni 17 na milioni 20 hivi.

Lakini angalia: saa hii hupima umri wa jivu, haiupimi mfupa. Mfupa hupata umri kwa kuwa uko chini ya jivu hili na juu ya jivu lile. Asiyejua mfupa ulipolala hawezi kutumia saa hiyo hata kidogo.

NYAYANGA

Somo la vigingi limefuatwa katika Rasi ya Homa yenyewe. Huko Nyayanga, wachunguzi wakiongozwa na Dr. Thomas Plummer, pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimba na kutoa taarifa mwaka wa 2023. Walipata vyombo vya mawe vilivyochongwa na viumbe wa jamii ya binadamu baina ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Pamoja navyo palikuwa na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa kwa mawe hayo, na meno mawili makubwa ya kiumbe aitwaye Paranthropus, ndugu wa mbali wa mwanadamu.

Huko kila jiwe na kila mfupa hupimwa pale ulipo kabla haujaondolewa: umbali wake, kina chake, na upande ulioelekea. Hesabu hizo huandikwa na kuhifadhiwa mahali pengi. Hata vigingi vyote vikiondolewa, mahali hapatapotea. Nayo makelele ya mwaka wa 1935 hayakutokea tena. Rasi ileile iliyomwaibisha mchunguzi mmoja imekuwa shahidi anayesikilizwa duniani kote.

WAJIBU WA MWENYE NCHI

Wataalamu huja kwa majuma machache, kisha huenda zao. Makorongo hubaki na wenyeji. Mchungaji, mvuvi, mwanafunzi aendaye shule, mama aendaye kuteka maji: hao ndio wapitao pale kila baada ya mvua, na macho yao ndiyo ya kwanza kuona jino lililotokeza. Kwa hiyo yafaa wajue mambo matatu.

Kwanza, usiuondoe mfupa uliogeuka jiwe. Ukiuchukua nyumbani umebeba jiwe tu. Maana yake umeiacha korongoni, na mvua ijayo itaifuta. Pili, shika alama za mahali: mti ulio karibu, njia, bomba, hatua ulizohesabu kutoka ukingoni. Mwenye simu yenye kamera na apige picha, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha nchi yote. Tatu, toa habari kwa chifu au kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Sheria ya makumbusho ya mwaka wa 2006 huilinda mali hii, na kuiuza kwa mpita njia ni kosa.

Na mchunguzi naye ana wajibu wake. Anayepigilia kigingi katika shamba la watu na kuondoka bila kueleza, asishangae akirudi na kukikuta kimekuwa mkuki wa samaki. Aeleze kazi yake barazani kabla hajachimba, na aje tena kueleza alichokipata. Kigingi kinachojulikana maana yake na kijiji kizima hakihitaji mlinzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mfupa uliookotwa sakafuni mwa korongo hauwezi kupewa umri upesi?
2. Kuna tofauti gani baina ya kazi ya Dr. Oswald huko Karungu na ile ya mwaka wa 1932 huko Kanam?
3. Nambari R114 ilisaidiaje baada ya miaka thelathini?
4. Taja mambo matatu ya kufanya ukiona mfupa uliogeuka jiwe karibu na kwenu.